Taa Iliyowaka Nyekundu Siku ya Mavuno

Kiharusi kilimwachia kaka yangu mkono wa kushoto na macho. Maneno yalikwisha kabisa. Tukaamua kumpa zawadi: siku ya sikukuu ya mavuno, kanisani kwetu Akheri, binti yake apige gitaa kwa amplifaya ya baba yake, ile ya zamani inayokuza sauti kwa taa za kioo, naye akae mbele asikilize.

Alipokuwa mzima hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Taa zake kubwa mbili husaidiana kazi kama ng'ombe wa jembe, na kila alipozibadilisha alishinda na mita ya kupimia umeme, akirekebisha umeme unaopita katika kila taa mpaka zilingane. Tulimcheka, tukasema ameoa mke wa pili.

Wiki ya sikukuu taa moja ikafa. Shemeji yetu, bingwa wa kila kitu, akapata nyingine huko Olasiti kwenye amplifaya mbovu. Ilipoingia kwenye tundu lake, kwa shemeji kazi ilikuwa imekwisha.

"Taa ni taa bwana," alisema.

Jumapili kanisa lilijaa mikungu ya ndizi na kuku wa mnada. Kaka tulimketisha mbele ya kanisa, nyuma ya amplifaya, upande ulio wazi ambako taa zinaonekana. Binti akaanza pambio. Muda si mrefu ile taa mpya ikaiva, nyekundu kama kaa la moto.

"Unaona?" shemeji akaninong'oneza. "Hiyo ndiyo yenye nguvu."

Kaka, macho yake kwenye taa ile, akainua mkono, akautikisa.

"Haleluya! Anamsifu Bwana!" mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, na kanisa zima likapiga makofi. Kaka akautikisa zaidi, machozi yakimtoka. Shemeji akaongeza sauti ya amplifaya. Nasi tukalia kwa furaha, wajinga wakubwa sisi.

Kisha ukaja mvumo, harufu ya nyaya zinazoungua, kimya.

Fundi wa Kikatiti aliifungua amplifaya akatikisa kichwa. Taa ile haikurekebishwa, alisema. Ilivuta umeme kupita kiasi hata gitaa lilipotulia, ikajipika yenyewe, ikafa pamoja na transfoma ya ndani. Transfoma ya namna hiyo haipatikani tena, na bila hiyo amplifaya haifanyi kazi.

Shemeji bado anakuja kula kwetu. Simsalimii vizuri, na sijutii.

Kaka tunamwosha, tunamlisha. Nikimuuliza anaumwa wapi, ananitazama tu. Daktari anasema mkono wa kushoto ni mzima kabisa. Tangu Jumapili ile hajauinua.