Niliwafundisha Habari za Kaisari, Kisha Nikatengeneza Wetu

Siku tuliyomzika Papa Esther, yaani Baba Esther kwa Wakongomani, mdogo wake, Jonas, alikuwa nje ya uzio wa makaburi, ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kwa sheria za korona, watu kumi tu ndio walioruhusiwa kaburini. Wa kumi nilikuwa mimi. Kosa ni langu, wala sijasingiziwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni katibu wa umoja wa Waswahili huku magharibi ya Sydney: Wakongomani wengi, Wakenya kadhaa, na sisi Watanzania wachache. Nyumbani nilisomea historia. Wakati wa lockdown nikajitolea kufundisha kwenye Zoom kila Jumamosi mchana. Somo: Julius Kaisari, na jinsi jamhuri ya Roma ilivyokufa. Msomi mie!

Nilieleza vizuri, nisijinyime sifa. Jenerali anakwenda kupigana mbali miaka mingi. Anawagawia askari wake mali mpaka wanampenda yeye kuliko Roma. Anaamriwa aliache jeshi arudi kama raia. Anavuka nalo mto Rubikoni, mpaka ambao hakuruhusiwa kuuvuka na jeshi. Wakubwa wengine wanakimbia. Waliobaki wanampa cheo cha dikteta, ambacho zamani kilikuwa cha miezi sita tu, wakati wa hatari. Wanamwongezea, ikawa miaka kumi. Mwishowe, maisha. Na yote kwa utaratibu, kwa maazimio!

"Hao Warumi walikuwa wajinga kweli," mama mmoja akasema. Nikacheka naye.

Wakati huohuo Mwenyekiti wetu, Mkenya mchangamfu, alikuwa akizunguka na gari la mizigo na wenzake, wakipeleka unga, mchele na mafuta kwa familia zilizo karantini. Kazi nzuri, sikatai. Ila watu hawakusema tena "umoja umetuletea". Walisema "Mwenyekiti ametuletea". Mimi, mtaalamu wa Roma, sikuona kitu!

Jumamosi ya tano tukafanya mkutano. Zoom yetu ilikuwa ya bure, inakata baada ya dakika arobaini, na kila mjadala ulikatika kabla ya uamuzi. Mtu mmoja akachoka, akapendekeza kamati ipumzike na Mwenyekiti aamue yote peke yake. Nikaongeza kwamba hata Warumi walifanya hivyo, ila kwa miezi sita.

"Mwalimu, hapo umeweza!" Mwenyekiti akasema. "Lakini miezi sita ya nini? Kovidi imekupigia simu ikakwambia inaisha lini?"

Kicheko. Nikaandika: mpaka hali itakapotulia.

Jonas, mfanyakazi wa ghala anayekaa Cabramatta, rafiki yangu wa kahawa, akainua mkono. "Mwalimu, na kama akikatala kutoka, nani atamutoa?"

"Ndugu Jonas," nikamjibu, "huyu ni Mwenyekiti, si Kaisari."

Watu wakamwaga vikaragosi vya kucheka. Jonas alikuwa bado ameinua mkono Zoom ilipokata. Kwenye muhtasari nikaandika: Wote walikubali.

Roma ilihitaji vita na miaka. Sisi dakika arobaini zilitosha!

Majuma machache baadaye korona ikamchukua kaka yake Jonas. Mjane wake, Mama Esther, na watoto walikuwa karantini, hawakuweza kutoka. Umoja ukasimamia maziko, na orodha ya watu kumi ikaandikwa na Mwenyekiti: yeye, mkewe, wachungaji wawili, wapeleka unga watano, na mimi "wa kuandika historia".

Nikiwa getini Jonas akanipigia. "Mwalimu, niko hapa inje. Jina yangu haiko kwa liste. Ule ni kaka yangu, tulinyonya ziwa moja. Ongea naye."

Nikaenda.

"Orodha imefungwa, Mwalimu," Mwenyekiti akasema. "Si wewe uliyeandika kwamba naamua mimi?"

Ningeweza kutoka ili Jonas aingie. Hatua thelathini tu! Sikutoka. Nilisimama pale na daftari langu, mita moja na nusu kutoka kwa jirani, mtiifu wa sheria zote.

Tangu siku hiyo Jonas hapokei simu yangu. Nikienda Cabramatta kununua samaki na kuliona gari lake, nabadili barabara.

Wewe unayesoma, ukiwa katibu wa chama, wa kanisa, wa msikiti, hata wa kamati ya harusi: usimpe mtu madaraka yasiyo na mwisho kwa sababu tu amekuletea unga. Na anayeuliza swali la kuudhi, mwache amalize! Mimi nilijua historia yote, na haikunisaidia kitu.

Sydney imefunguliwa siku nyingi. Treni zimejaa, barakoa zimetupwa. Mwenyekiti anasema hali haijatulia. Na kwa kuwa eneo la kaburi lilinunuliwa kwa jina la umoja, hakuna jiwe linalowekwa bila sahihi yake. Jonas na Mama Esther walishapeleka maneno wanayotaka yachongwe. Mwenyekiti amesema anayafikiria. Kaburi bado halina jiwe.