Koki Iliyofungwa Nusu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kafanya ufundi bomba miaka arobaini. Marehemu alipoanza kusahau njia ya nyumbani, huyu alimcheka: "Kichwa cha kaka kimekuwa chujio." Sijamsamehe mpaka leo.

Juzi tanki la choo changu likawa linajaa kwa kujivuta, ukivuta maji unasubiri nusu saa. Shemeji akaja. Akabadilisha boya, akasafisha valvu, maji bado yanadondoka kama machozi ya mgeni msibani.

"Bomba la mtaani hilo, shemeji, presha imeshuka," akasema.

"Na hii koki ya ukutani mbona imefungwa nusu?"

"Nani kaigusa?"

"Wewe. Jumatatu ulipita hapa, ukasema maji yanapiga kelele, ukaipunguza mwenyewe."

Akaitazama koki, halafu mkono wake. Akaifungua, tanki likajaa kwa dakika mbili. Kicheko nilichomwekea miaka yote sikukitoa; nikamtilia chai.

Leo asubuhi kaja tena, mfuko wa vifaa begani.

"Shemeji, nasikia tanki lako halijai."

Nikampisha mlangoni. Akaenda moja kwa moja kulifungua boya.