Tone la Mwisho kutoka Nassa

Lilibaki tone moja tu, na Scola alikuwa hajaamua alichanganye na unga upi.

Tone lilitoka Nassa, kwa kikundi cha akina mama wanaochemsha utumbo wa ng'ombe ili kupata sukari ya kutengenezea dawa ya kuzuia damu isigande. Sukari hiyo lazima iwe na salfeti. Ikiikosa, haitibu chochote. Kiongozi wa kikundi ni Kwandu, mama mzazi wa Scola, na pale maabara Bariadi nani hakujua? Umbea haukuhitaji mashine.

Kipimo cha kwanza hakikuona salfeti. "Dada Scola, hawa wamechakachua," alisema Januarius, mkuu wa maabara. "Leo naandika hivyo."

"Naomba nirudie, bosi. Huenda unga wetu ndio mwongo."

Mashine yao huipiga sampuli kwa mwanga mkali, na unga ndio unaoupokea mwanga huo na kuirusha sampuli juu ipimwe. Unga wao wa siku zote, waliouzoea kwa kupimia asali, hufanya kazi kwa pupa. Unaweza kuing'oa salfeti njiani. Wa kopo la pili ni mpole, ila hukauka kwa mabongemabonge. Ukikosea kuuandaa, tone limekwenda.

Kwanza akapima sukari halisi ya kiwandani kwa unga wa zamani. Salfeti haikuonekana. Akairudia kwa unga mpole, ikaonekana waziwazi kwenye skrini. Scola alifurahi hadi machozi yakamlenga. Hata Januarius akavuta kiti.

Ndipo akachanganya tone la mama yake na unga mpole. Likakauka. Akabonyeza.

Hakuna salfeti. Akasogeza mwanga kwenye bonge lingine. Hakuna.

Januarius akachukua kalamu. Scola akatoka nje, akampigia mama yake simu.

"Mayu, kuna kitu mliongeza kwenye ule utumbo?"

"Hatujaongeza kitu, mwanangu. Tuliuchemsha tu na bushishi, tukamwaga maji."

Scola akafumba macho. Bushishi, yaani maji ya ukwaju, na ukali wake wote wa asidi, tena yanachemka. Hayo ndiyo yaliyoiondoa salfeti.

"Nani aliwaambia mtie bushishi, mayu?"

"Si utumbo ulikuwa unanuka," alisema Kwandu. "Nikaona harufu ile isije ikakuaibisha mbele ya wenzako."