Swichi ya Mashoto

Jirani yangu, fundi breki, hashiki usukani wa mtu kabla ya kupangusa mikono kwenye paja, hata ikiwa safi. Ana sauti ya chini, na vijana wa magari ya mbio wakimletea mbwembwe huwaambia, "Kukimbia kila gari linajua. Niulizeni kusimama." Juzi alikuja mama mmoja na gari la marehemu mwanawe, likivutwa kwa kamba. Alikuwa na boksi la vifaa alivyoagiza kijana, vikafika baada ya mazishi: vali ya kubana breki za mbele ili magurudumu ya nyuma yazunguke gari likiwa limesimama, pamoja na swichi yake. "Nani ataliendesha, mama?" fundi akauliza. "Hakuna, baba. Nataka tu liwe alivyotaka mwenyewe." Fundi akaifunga vali mahali pake, akatoa hewa kwenye breki, akashika drili atoboe tundu la swichi kulia kwa usukani, kama anavyowafungia wote. Akasita. "Alitumia mkono gani?" "Alikuwa mashoto." Akahamia kushoto, akatoboa huko. Mama akaingia kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye swichi. "Angeifikia," akasema. Fundi akamfungia mlango polepole, akasimama nje mpaka mama alipomaliza kulia.