Mama Namba na Anwani ya Printa

Pale chuoni alikuwepo Mama Namba, na namba zenyewe alizigawa kwa mkono wake. Kompyuta ikitaka kuingia mtandaoni sharti iwe na anwani yake, namba isiyofanana na ya mwenzake. Basi Mama Namba hupiga magoti chini ya meza, akachomeka waya, akaiandikia namba, akainuka na vumbi akinung'unika. Mhasibu kaletewa mashine mpya? Aitwe. Mwalimu kahama chumba? Aitwe. Hata chooni walimgongea mlango, jamani, watu hawa!

Kilichomkata maini ni mjukuu wa kwanza. Alizaliwa mji wa mbali huku bibi yake amejikunja chini ya meza ya mkutubi. Bintiye hakugomba. Alisema tu kwenye simu, "Haya mama, kazi njema." Heri angemtukana! Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, Mama Namba alipiga moyo konde: safari hii atakuwepo, liwalo na liwe.

Akaweka kompyuta moja stoo, akaipa fungu la namba iwe inagawa yenyewe. Mashine ikiwashwa, iombe, ipewe. Ikiondoka, namba irudi funguni. Akapita chumba kwa chumba akifuta zile alizoandika kwa mkono. Printa kubwa tu ndiyo aliyoiachia anwani yake ya siku zote, maana chuo kizima kilituma kazi huko. Siku za bintiye zilipokaribia, akafunga begi, roho kwatu. Alichosahau, na hapa natamani kumfinya sikio, ni kuitoa namba ya printa kwenye lile fungu.

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi simu ilipolia. Mkuu wa chuo.

"Mama Namba, rudi! Printa imegoma, vyeti vya mahafali havitoki!"

"Ilikuwa imezimwa asubuhi?"

"Ndiyo, tumeiwasha sasa hivi."

"Na mashine gani imewashwa kabla yake?"

"Laptop yangu tu. Inahusu nini?"

Mama Namba akafumba macho. "Printa ilikuwa imelala, wewe ukapewa namba yake. Vyeti vinaletwa kwako, mkuu."

"Kwangu hakuna kitu!"

"Ndiyo, wewe huna karatasi."

Kondakta akamgusa bega. "Mama, unapanda au unashuka?"

Alitamani ardhi ipasuke. Kosa lilikuwa lake, na zamani angeshuka mbio, begi kichwani. Akaikumbuka ile "kazi njema".

"Nimekosea, mkuu, nisamehe. Lakini leo sirudi. Zima laptop."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

"Mimi? Mkuu wa chuo?"

"Sasa tuzime nini, mkuu, vyeti?"

Mkuu akaguna, akaizima. Kisha huko nyuma printa ikakohoa, ikaanza kuunguruma, na watu wakapiga vigelegele. Mama Namba akavuta mguu wa pili ndani ya basi.

Alimkuta bintiye kitandani hospitalini, jasho linamtiririka, uchungu umeshika kasi. Binti alimtazama asiamini macho yake.

"Mama? Na kule nani anawapa namba?"

"Kuna mashine."

"Je, ikikosea?"

"Imeshakosea." Mama Namba akazima simu, akaitupa chini kabisa ya begi, akaushika mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili. "Haya, sukuma, mwanangu. Nipo."