Besi wa Bwawa la Kahawa

Baba yangu aligombana na samaki kwa muda wa miezi mitano, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimtafutia silaha, naweza kueleza jinsi mambo yalivyokwenda.

Alikuwa mtu wa pampu katika shamba kubwa la kahawa huko Mbozi. Kwa miaka ishirini na miwili alipandisha maji kutoka bwawani hadi kwenye mitambo ya kuoshea kahawa. Kisha, katikati ya miaka ya tisini, shamba likawa linasubiri mnunuzi. Likaja lori, likapakia pampu, likaondoka. Hakuna aliyemwambia baba aache kazi, na hakuna aliyemwambia aendelee. Basi kila asubuhi saa moja alichukua ufunguo, akaenda kufungua nyumba ya pampu ambayo ndani yake hamkuwa na kitu, na saa tisa akaifunga. Mama alimfungia viazi na chai ya chupa kama zamani, wala hakumuuliza alikuwa akifanya nini huko.

Bwawani mlikuwa na samaki waliopandwa na mzungu wa kwanza wa shamba lile. Yeye aliwaita besi, akaenda zake, jina likabaki. Watu hawakuwapenda. Perege ukimpa donge la ugali anakuja kwa heshima, lakini besi hakuwahi kushika chambo cha mtu yeyote ninayemfahamu. Kwa hiyo waliachwa wakae.

Mwaka ule bata wa mama alitotoa vifaranga kumi na mmoja. Akawapeleka bwawani, akarudi na saba. Mama akamlaumu mwewe. Kesho yake wakarudi watano, mama akamlaumu kenge. Siku ya tatu baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya pampu, akamwona kifaranga aliyebaki nyuma ya msafara akienda chini kama jiwe. Maji yalifunguka kidogo, yakajifunga.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi cherehani Tunduma, katika chumba kimoja karibu na mpaka. Nilikwenda nyumbani Jumapili moja, nikamkuta baba ananisubiri njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipomaliza shule.

“Besi anakula bata wa mama yako,” alisema, kabla sijamaliza kumwamkia.

“Samaki, baba?”

“Samaki.”

“Ana ukubwa gani?”

Alifikiri. “Mdomo wake ni mkubwa kuliko yeye mwenyewe.”

Alikuwa ameshajaribu minyoo kwa wiki mbili. Alipata perege, alipata kambale, mama akakaanga wote na kushukuru. Besi alikuja mara moja tu kwenye maji ya kina kifupi, akautazama mnyoo, akageuka. “Kama mtu aliyeletewa kiporo,” baba alisema. Na kamba yake ilikuwa nene, aliyoichambua kutoka kwenye mfuko wa mbolea. Alidhani samaki aliiona. “Wewe ndiye mtu wa nyuzi,” akaniambia. “Nitafutie uzi.”

Nilipeleka jambo hilo Tunduma kama kazi ya mteja. Kwanza nilimpelekea uzi wa kushonea jinzi. Ulikunywa maji, ukavimba, ukajifunga mafundo ambayo hata mimi sikuweza kuyafungua. Kisha nikamnunulia ule wa mafundi viatu, uliopakwa nta. Huo ungeweza kuvuta ng'ombe, na ndani ya maji ulionekana kama kitu cha kuvutia ng'ombe. Mara ya tatu nilipeleka ule uzi mwembamba wa plastiki unaong'aa kama kioo, tunaotumia kwenye pindo ili mshono usionekane. Baba aliusifu sana. Ulikatika siku ya kwanza, ulipokwama kwenye unyasi.

Chambo tulikipata upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kwa mama mmoja aliyeuza salaula, yaani mitumba. Nilizoea kununua kwake nguo pana za kukata upya. Siku hiyo, juu ya rundo la mikanda, alikuwa na kisanduku cha plastiki chenye vyumba vidogo. Ndani mlikuwa na visamaki vya kuchongwa vya rangi nyekundu na nyeupe, vijibamba vya fedha vinavyozunguka, na minyoo ya mpira ya zambarau. Kila kimoja kina ndoano.

“Mulishani, mayo,” nilimwamkia. “Hivi ni nini?”

“Hereni,” alijibu.

“Mbona zina ndoano tatu tatu?”

Alikiinua kisamaki kimoja, akakizungusha juani. “Wazungu wana masikio magumu,” akasema.

Nilinunua kisanduku chote. Nilipovuka kurudi, askari wa forodha alikifungua, akachomwa kidole, akakifunga mwenyewe na kunirudishia bila swali.

Uzi wa kweli nilioneshwa na mzee mmoja wa Kigoma aliyekuwa na duka Tunduma. Aliwauzia nyavu watu walioshuka Kamsamba kwenda kuvua Ziwa Rukwa. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache. Nilimweleza shida yangu.

“Samaki gani, binti yangu?”

“Anaitwa besi. Anakula bata.”

“Huyo ni mamba.”

“Ni samaki, mzee. Baba amemwona.”

Akanitazama kama anayepima kama mimi ni mzima, kisha akatoa kisanduku changu mkononi mwangu na kukifungua. Hapo uso wake ulibadilika. Alisema kwao, Ziwa Tanganyika, walivua kuhe kwa vitu kama hivyo, wakavitengeneza wenyewe kwa vijiko na manyoya ya kuku. Maji yenu yakoje? Meupe wakati wa kiangazi, nikasema. Basi uzi usiwe mnene. Kuna magogo? Yapo. Basi usiwe mwembamba sana. Alinipa nailoni ya kijani hafifu, iliyoviringishwa kwenye kibao, nikaipima kwa vidole kama ninavyopima uzi wowote, nikaona ni mzuri.

“Na fundo ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza,” alisema. “Likikazwa kavu linajikata lenyewe.”

Nilimwambia mimi ni fundi, nimelamba nyuzi maisha yangu yote. Alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomwona akicheka.

Hatukuwa na fimbo ya kuvulia wala kile kigurudumu chake. Baba alizungushia mshipi kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia. Alilishika kwa mkono wa kushoto, mdomo wake ukielekea majini, akazungusha chambo kwa mkono wa kulia na kukiachia. Uzi ulitoka koponi kwa mlio mzuri. Ndani ya wiki moja alikuwa anafika mbali kuliko nilivyotarajia, na alikuwa ameipiga kofia yake mwenyewe mara mbili tu.

Kisamaki chekundu na cheupe kilikuja na majani. Kijibamba cha fedha kilikaa majini siku tatu kabla gogo halijakichukua moja kwa moja. Baba alikivuta kila chambo kwa mwendo mmoja, sawasawa, kama mtu anayefanya kazi ya mshahara. Niliporudi Jumapili iliyofuata, nikamwonesha mnyoo wa mpira. Aliutazama kwa muda.

“Kwao mnyoo uko hivi?”

“Sijui, baba.”

“Wetu wa bustanini, mzima, kaukataa. Sasa huu wa zambarau?” Akaurudisha kisandukuni.

Ndipo mimi, kwa kujiamini kwa watu wa ufundi, nikashona kifaranga. Nilikata taulo la manjano, nikakijaza vipande vya soli ya ndala ili kielee, nikakifunga ndoano mbili chini ya tumbo. Kilipendeza. Mama alipokishika alisema kama ningekuwa na bei nzuri kingeuzika kwa watoto. Baba alikirusha. Kikaelea vizuri kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, kisha taulo likalowa maji, kikapinduka, kikaonesha ndoano juu. Bata wa kweli akaja, akakidonoa kichwani mara kadhaa, akaondoka kwa hasira. Tulikitoa majini.

Mama alikuwa amekaa nyuma yetu anapepeta maharage. Hakuwahi kushika mshipi maishani mwake, lakini alikuwa amewaangalia bata wake kwa miezi.

“Mnavuta sana,” alisema.

“Ndivyo inavyofanywa,” baba akajibu.

“Huyo samaki hamchukui anayekwenda. Anamchukua aliyesimama kujikuna. Wote waliopotea walikuwa wamesimama.”

 Baba alifungua kisanduku, akatoa mnyoo wa zambarau, akaufunga yeye mwenyewe, akalamba fundo. Aliurusha karibu na gogo lililozama upande wa matete na kuuacha ufike chini. Akauvuta kidogo, akaacha. Tukasubiri. Akauvuta tena kidogo, akaacha. Mimi nilikuwa nimeanza kufikiria basi la kunirudisha Tunduma.

Mshipi ukaanza kutembea wenyewe kwenda pembeni.

“Baba, unaondoka,” nilisema.

“Naona.”

“Vuta!”

Alivuta, na yule samaki akatoka majini mzima mzima, mdomo wazi, akitikisa kichwa kama anayekataa jambo mbele ya baraza. Kopo likamponyoka baba. Akaushika mshipi kwa mikono mitupu, ukamkata kiganja, akaingia majini na suruali yake ya vikao. Na alipiga kelele. Baba yangu hakuwa mtu wa kelele. Hata siku lori lilipochukua pampu alisimama tu na ufunguo wake. Siku ile alimwita mama, akaniita mimi, akamwita Mungu, kwa Kinyiha na kwa Kiswahili, mpaka watu waliokuwa wakichuma kahawa yao mlimani wakasimama kutazama. Nilimshika mkanda nisijue kama namvuta yeye au samaki. Mama aliweka ungo chini, akaingia hadi magotini, akamshika besi kwa taya la chini kwa dole gumba, akamtoa. Sijui nani alimfundisha.

Mizani ya shamba ilikuwa imefungiwa. Mama alimpakata samaki akasema ni sawa na mtoto wa miezi miwili, na kwa kuwa alikuwa amezaa tisa hatukubishana naye.

Tulimpasua palepale, mbele ya mashahidi. Tumboni mlikuwa na kaa wawili, chura, na kitu kingine ambacho kilikuwa chura zamani. Hamkuwa na unyoya.

“Basi si huyu,” mama alisema.

“Si huyu,” baba akakubali, huku damu ikimtoka kiganjani. Sikuwa nimemwona na uso mkunjufu namna ile tangu pampu ilipoondoka.

Wiki hiyohiyo mama aliwawekea bata uzio wa wavu wa kuku, kazi ya asubuhi moja. Vifaranga waliototolewa baadaye hawakupotea. Baba aliendelea kuvua miaka minne. Aliacha kwenda na ufunguo. Akiniona, kabla ya salamu, aliuliza habari za nyuzi, na nilipomletea habari kutoka kwa mzee wa Kigoma alizisikiliza akiwa amesimama. Alipata besi ishirini na kitu, kila mmoja akimkumbuka kwa gogo lake na rangi ya maji ya siku hiyo.

Mwishowe mnunuzi wa shamba akapatikana, na jambo la kwanza alilofanya ni kulikausha bwawa ili ukuta utengenezwe. Kijiji kizima kilishuka na mabeseni. Mimi nilikuwapo. Besi walikuwa wamelala kwenye tope, wengi kuliko tulivyodhani, wengine wakubwa kuliko yule wa kwanza, na watoto waliwaokota kama wanaookota maembe. Baba hakwenda. Alibaki nyumbani ananoa jembe ambalo halikuwa butu.

Mama alirudi na beseni kichwani, akalitua mbele yake.

“Walikuwa wanapigana?” baba aliuliza.

“Hapana. Wamelala tu.”

Baba alimgeuza mmoja kwa kidole, akamfungua mdomo, akatazama ndani, akamfunga. Jioni mama alikaanga wawili wakubwa. Baba alinawa, akakata tonge, akala kipande kizima, kisha akamwambia mama chumvi imezidi, na akaomba kingine.