Mpaka Uliopita Kati ya Nyumba na Zizi

Juzi mjukuu wangu aliingia ndani akiwa na habari kwamba kata yetu imegawanywa. Mpaka mpya ni ile barabara ya lami. Sisi wa upande huu tuna diwani mwingine, na jirani yangu wa ng'ambo, ambaye tunaazimana chumvi kila siku, amebaki na diwani wa zamani. "Bibi, umehamishwa," akasema, anacheka. Nikamwambia akae chini amenye viazi. Mimi nilihamishwa tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji, na wala sikubeba hata kigoda.

Wewe mwenzangu uliyeijua Shinyanga ya wakati wa mkoloni utanielewa. Mji ulikuwa kule stesheni: maduka ya Wahindi, soko, nyumba chache za serikali, basi. Sisi tulikuwa nje, upande huu wa Ngokolo, ambako siku hizi nyumba za bati zimebanana mpaka kuku hana pa kuchakura. Kaya yetu ilizungushiwa ua wa minyaa. Ndani ya minyaa kulikuwa na nyumba ya msonge, ghala la mtama na zizi, na nyuma ya zizi kulikuwa na ngitili, ile mbuga inayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Hayo yote kwetu ni kitu kimoja. Mtu akisema kaya ya fulani hasemi nyumba peke yake.

Nililelewa na bibi. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na baba alikuwa huko Geita kwenye mashimo ya dhahabu, anakuja mara moja moja na kitambaa cha gauni kisha anaondoka. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Asubuhi alinigonga mguu kwa ufagio, na nikiamka kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzoa samadi, na ya pili kutikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ijikusanye. Unatikisa, unatikisa, mkono unakufa ganzi, na ukipumzika yeye anajua hata kama yuko ghalani, maana sauti ya kibuyu imekatika. Ukimaliza unapewa matobolwa ya moto na karanga, au michembe iliyochemshwa, vyote viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, na maziwa mgando juu yake. Watoto wa siku hizi nikiwapa michembe wananiuliza kama ni mbao.

Babu yetu, ambaye kwa Kisukuma tunamwita guku, sikumkuta hai. Alizikwa zizini, kama walivyozikwa wenye kaya enzi hizo, kavishwa ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe. Hakukuwa na msalaba wala jiwe. Kaburi lilikuwa ni ile ardhi ng'ombe wanayolala. Jioni wakirudi, vumbi limewafunika na kengele zinagonga, wanaingia wanamkanyaga, na ndivyo inavyotakiwa. Bibi alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi kila jioni ya Mungu, anazungumza naye kama mtu aliye chumba cha pili. "Mzee, yule mwekundu anakuja, amechelewa mtoni. Usinung'unike." Sisi watoto hatukuogopa. Tulijua guku yuko chini na anasikia kwato, na akizisikia anajua kaya yake ni nzima.

Rafiki mkubwa wa bibi alikuwa mke wa fundi cherehani, mtu wa pwani, Mwislamu, aliyekaa nyumba ya mwisho ya mji. Alikaanga vitumbua, na kila jioni alikuja kuchukua maziwa. Walikuwa watani, na matusi yao ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

"Hodi humu kwenye mavi ya ng'ombe!"

"Karibu, mla samaki aliyekosa samaki."

"Mtani, maziwa yako leo yana nywele."

"Hizo ni zako, umeanza kupukutika."

Basi, kiangazi kimoja wakaja wapimaji. Walikuwa na mnyororo mrefu wa chuma, fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na darubini yenye miguu mitatu. Tuliwafuata kutwa nzima mpaka wakatufukuza kwa mawe. Walisema mji unapanuliwa. Baada ya siku kadhaa yakaja mawe ya saruji yaliyopakwa chokaa, yakachimbiwa moja moja, yamenyooka kama mfereji. Moja likaangukia ndani ya minyaa yetu, katikati kabisa ya nyumba na zizi.

Tarishi wa serikali alikuja kueleza. Alikuwa kijana wa Tabora, kofia yake safi, akasimama zizini ili asiungue jua, kwa kuwa palikuwa na kivuli cha ghala.

"Mwadila, mayu," akasalimia, anajaribu kumwita mama kwa Kisukuma chetu. "Usiwe na wasiwasi. Ng'ombe wako hawakuguswa. Nyumba yako iko ndani ya mji, zizi lako liko nje. Wewe unalala mjini, ng'ombe wanalala kwa mtemi. Ni hatua chache tu."

"Na mume wangu?"

"Mume wako yuko wapi?"

"Huyo unayemkanyaga."

Yule kijana aliruka hadi kofia ikaanguka. Tulicheka sisi watoto, bibi hakucheka.

Jirani yetu wa vitumbua alipokuja jioni alikuwa amefurahi kweli. "Karibu mjini, mtani! Sasa uvae kanga, uache kunukia samli kama kibuyu."

"Nikivaa kanga yako watadhani nimefiwa na akili," bibi akajibu, lakini hakuwa na nguvu katika utani siku ile. Alikaa kwenye kigoda anatazama lile jiwe jeupe. Akasema, "Mimi nitakuwa na baraza langu, yeye atakuwa na baraza lake. Mke na mume wana wakubwa wawili. Umeona wapi?"

"Si umeambiwa ng'ombe wanabaki? Acha kama ilivyo, mtani. Mji una mambo yake."

Hakuacha. Kwetu sisi, mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chini ya mtemi, alihesabu kaya kwa mlango wake. Mlango ukitazama zizi, nyumba na zizi ni kitu kimoja, hakuna wa kubisha. Mlango wa nyumba yetu ulitazama mjini, kwa sababu guku alipenda kuona treni. Bibi akawaita wajomba, wakavunja ukuta wa nyuma, wakaweka mlango mpya unaotazama zizi. Ule wa zamani ukazibwa. Mimi nilikanyaga udongo kwa miguu, nikabeba maji, nikachanganya na samadi, nikasiriba kwa viganja mpaka usiku ukaingia. Tangu siku hiyo tuliingia nyumbani kwa kupitia zizini, na mbuzi nao wakaona ni halali yao kuingia ndani kula michembe.

Kisha bibi akaenda barazani na mwanangwa. Mimi nilibeba kibuyu cha maziwa ya njiani. Alisimama mbele ya Mzungu wa mipaka akasema kwa Kisukuma, mkalimani akigeuza. Nayakumbuka maneno yake yote kwa sababu aliyarudia njia nzima ya kwenda. "Kaya haikatwi. Nyumba, zizi na ngitili ni kaya moja, na mwenyewe yumo zizini. Sitaki mume wangu awe kwa wengine na mimi kwa wengine. Tuwekeni pamoja."

Mwanangwa akathibitisha. Mzungu alikuja mwenyewe kutazama. Aliona mlango mpya, akaona ule uliozibwa, akatikisa kichwa kwa heshima, hata akavua kofia pale zizini. Mkalimani akasema, "Mayu, bwana amekubali. Kaya yako ni moja. Mtakuwa pamoja."

Bibi alichinjisha jogoo. Sijawahi kumwona amefurahi vile, alinipa paja zima. Jirani naye alialikwa, maana jogoo alichinjwa na mumewe fundi ili nao wale. Tulikuwa tunakula ugali wa mtama na mchuzi, midomo inang'aa mafuta, ndipo yule mama akauliza:

"Sasa mtani, wamewaweka pamoja upande upi?"

Bibi alisimamisha tonge. Hakuwa amesema upande. Haikumjia kwamba ni jambo la kusema. Kwake yeye, kaya iko pale walipo ng'ombe, na ng'ombe walikuwa nje ya mji, basi. Watu wote pale barazani waliozaliwa Usukuma walielewa hivyo hivyo, hata mwanangwa. Yule wa pwani peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikaa mjini.

Haikupita wiki mbili wapimaji wakarudi. Wakaling'oa jiwe letu. Wakalipeleka nyuma ya ngitili.

Bwana afya akaja na amri za mji. Ng'ombe hawalali mjini. Mtama mrefu haulimwi karibu na nyumba, unaficha mbu. Ngitili si ngitili tena, ni viwanja. Tukapewa muda mpaka mavuno yaishe. Mwanangwa alikuja, akasimama ng'ambo ya jiwe, akasema kwa sauti ndogo, "Mayu, hapa ulipo sina neno tena." Akaondoka bila kunywa hata maji.

Mjomba mkubwa alitoka Tinde kuja kuchukua ng'ombe. Alimsihi bibi wafuatane.

"Mama, twende. Ng'ombe ndio kaya. Utabaki hapa kufanya nini, kufagia zizi tupu?"

"Nitafagia."

"Mama, baba amekwisha kufa."

"Amekufa, hajahama. Nimwache na nani? Na bwana afya?"

Ng'ombe waliondoka asubuhi. Yule mwekundu alirudi mara mbili akapigwa. Bibi hakutoka nje kuwatazama, alikuwa ndani anapepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Jioni ilipofika, saa ya ng'ombe kurudi, kukawa kimya kibaya. Huwezi kujua zizi lina kelele kiasi gani mpaka liwe tupu. Bibi akatoka, akasimama pale pale mlangoni mwa zizi. Akatuita watoto wote, mimi na binamu zangu.

"Ingieni. Kanyageni."

Tukatazamana.

"Kanyageni kwa nguvu, mmekula ugali wangu wa nini? Asije akadhani hatuko."

Tukaingia tukakanyaga. Mwanzoni tuliona haya, kisha tukaanza kukimbia, kusukumana, binamu yangu akalia kama ndama. Bibi hakumkemea. Katikati ya vumbi hilo akatokea jirani na chupa yake ya maziwa mkononi, kwa mazoea tu, maziwa hayakuwapo. Akasimama anatutazama. Nilijua atasema neno la utani. Akaweka chupa chini, akavua viatu vyake vya mti, akapandisha kanga, akaingia zizini na mwili wake ule mnene, anakanyaga.

"Mtani uliye huko chini," akasema, "leo umepata ng'ombe wa pwani. Usinikamue, sina kitu."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

Tuliendelea hivyo jioni nyingi, mpaka mvua zikanyesha na zizi likaota majani. Halafu ilikuwa siku moja moja, halafu bibi akawa anakwenda peke yake na fimbo.

Alikufa mwaka ambao baba aliacha kurudi kutoka Geita, mimi nikiwa msichana wa kuposwa. Alikuwa amesema siku nyingi kwamba alazwe kando ya mlango wa zizi. Wajomba wakaenda kuomba. Wakajibiwa kwamba mjini watu huzikwa makaburini, hawazikwi majumbani, na hapo ni mjini. Kama jiwe lingebaki pale pa kwanza, zizi lingekuwa kwa mtemi na mwanangwa angesema zikeni. Wakafikiri kumpeleka Tinde. Lakini Tinde kulikuwa na ng'ombe tu, guku hakuwako.

Tulipombeba kwenda makaburi ya mji, yule mtani wake alilala njiani, katikati ya vumbi, kama watani wanavyofanya msibani, akazuia jeneza. "Hapiti!" akapiga kelele. "Mnampeleka wapi huyu? Mumewe yuko kule!" Watu wakacheka, kwa kuwa mtani huchekwa, wakamtupia senti aondoke. Hakuziokota. Alilala pale akionyesha kwa mkono upande wa kaya yetu, na kicheko kikaisha chenyewe. Mpaka mumewe fundi akaja akamwinua taratibu, akampangusa, na sisi tukapita.

Sisemi haya ili mtu alie. Sipendi watu wa kulialia. Ila siku hizi nikisikia harufu ya samadi mbichi kwenye gari la ng'ombe lenye mkaa linalotoka vijijini, nasimama barabarani kama mjinga. Minyaa imekatwa yote. Ngitili ni karakana na maduka ya simu. Pale zizini kuna vyumba vya kupanga, na mwenye navyo ni mtu mwema, lakini sikumwambia amejenga juu ya nani. Jiwe lile la saruji nalo lilikwisha kung'olewa zamani, na kila wakija wapimaji wapya mpaka unasogea mbele, unapita kaya za watu wengine ambao siwajui. Guku yuko hapa. Bibi yuko kule makaburini, katikati ya watu waliokuja na treni. Kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine naweza kwenda kwa miguu yangu hii mibovu na nikarudi kabla maharage hayajaiva, na mji mzima huo sasa ni wa baraza moja.